MLANGO WA CHUO NI AMANA
Historia ya kumpokea mtoto masomoni katika pwani yetu, na funzo lake kwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Watu wengi wakisikia neno amana, mara moja fikira zao huenda kwenye fedha alizowekewa mtu na jirani yake aliyesafiri, au ufunguo wa nyumba, au mali ya yatima. Ni wachache wafikirio kwamba nafasi ya mtoto wa miaka minne katika darasa la chekechea la serikali nayo ni amana, na kwamba aliyeshika daftari la kuandikisha watoto ataulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu kama atakavyoulizwa aliyeshika mali ya yatima. Katika mji mkubwa, mzazi aliyekosa nafasi hapa huenda akajaribu pale. Katika mji mdogo, shule ya umma iliyo karibu mara nyingi huwa ni moja tu. Aliyekosa mlango huo hana mwengine ila wa kulipia, na kama hana cha kulipa, mtoto hukaa barazani mwaka mzima akiwatazama wenziwe wakipita na mikoba yao.

Basi suala letu ni hili: watoto wakizidi nafasi, nani atangulie? Na watu watajuaje kwa nini fulani ametangulia? Hayo ni masuala mawili. La kwanza ni la uadilifu, na la pili ni la uwazi. Tukiitazama historia ya pwani yetu tutaona kwamba kuna zama tulikuwa na kanuni iliyo wazi lakini ya dhulma, na kuna zama tumekuwa na kanuni njema lakini iliyofichika. Katika hali zote mbili, aliyeumia ni mtoto wa mnyonge.

SUALA LILILOSHUKIWA NA AYA

Suala la nani atangulie katika kupewa elimu halikuanza na serikali wala na shule. Limo ndani ya Qur'ani tukufu. Siku moja huko Makka, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji kwamba wakisilimu wao, wengi watawafuata. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), naye alikuwa kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume (s.a.w.) akakunja uso, akaendelea na wale wakubwa. Hapo ikashuka Sura ya 80, Sura ya Abasa, kumzindua Mtume juu ya jambo hilo.

Zingatia, ewe msomaji. Nia ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa njema. Hakupokea kitu kwa wale wakubwa, wala hakumdharau yule kipofu kwa unyonge wake. Alitazama maslahi ya dini. Hata hivyo, Mwenyezi Mungu alimfundisha yeye, na kupitia kwake akatufundisha sisi, kwamba mwenye kuja mbio kwa hamu ya kujua hawekwi nyuma kwa ajili ya cheo cha mwengine. Ikiwa Mtume amezinduliwa kwa kukunja uso mbele ya mtu asiyeuona uso huo, sisi tutajibu nini kwa kumfungia mlango mtoto aonaye na ajuaye kwamba amefungiwa? Na huyo Ibn Ummi Maktum baadaye akawa mwadhini wa Mtume, na zaidi ya mara moja Mtume alipotoka Madina kwa safari alimwacha yeye kuwa naibu wake.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani hii, walilitilia jambo hili taratibu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (sawa na 1277), ameeleza katika kitabu chake cha Tibyan, kinachohusu adabu za kusoma na kufundisha Qur'ani, kwamba wanafunzi wakisongamana, mwalimu amtangulize aliyefika mwanzo, kisha anayemfuata. Wala asimruke mtu, ila yule wa mwanzo akiridhia mwenyewe kumpisha mwenziwe. Na katika Minhaj, kitabu ambacho makadhi wetu wamekitegemea kwa miaka mingi, ameeleza mfano wa hayo juu ya watu wanaofika mbele ya kadhi: hutangulizwa aliyetangulia, na ikiwa hajulikani ni nani, au wamefika pamoja, hupigwa kura.

Kura hiyo si kamari, kama wadhaniavyo wengine. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 44, Mwenyezi Mungu ametaja habari ya watu waliotupa kalamu zao ili ijulikane nani kati yao atamlea Maryamu (a.s.). Kila mmoja aliitaka heshima hiyo, na kura ikaukata mzozo wao. Tazama basi: kura hii iliyotajwa ndani ya Qur'ani ilipigwa kwa ajili ya malezi ya mtoto mdogo!

CHUO CHETU CHA ZAMANI

Pwani yetu ilijua kumpokea mtoto masomoni zamani sana kabla ya shule. Mtoto akishaweza kuyatamka maneno vizuri, hutiwa chuoni. Chuo kilikuwa ukumbini kwa mwalimu, au barazani, au ubavuni mwa msikiti. Hapakuwa na fomu ya kujaza wala mtihani wa kuingilia. Mzazi alimchukua mwanawe akamkabidhi kwa mwalimu, na ada ilikuwa kwa kadiri ya uwezo. Mwenye fedha alitoa fedha, mwenye nafaka alitoa nafaka, na watoto walimsaidia mwalimu kuteka maji na kuokota kuni. Mtaa mzima ulijua nani ametiwa chuoni mwaka huu, maana sauti zao zilisikika njiani.

Lakini tusiipambe historia kupita kiasi. Miji yetu ya zamani ilikuwa ya daraja. Kulikuwa na waungwana, na kulikuwa na watumwa na watoto wa watumwa, na wageni waliokuja kutafuta riziki. Elimu ya juu, yaani fiqhi na nahau na tafsiri, ilikaa zaidi katika nyumba chache, baba akimrithisha mwana. Hapakuwa na ubao mlangoni ulioandikwa kwamba mtoto wa mtumwa haingii, na wala haukuhitajika, kwani kila mtu alijua mahali pake.

Hapo ndipo tukumbukapo jina la Habib Swaleh bin Alawi Jamalilail (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyetoka Visiwa vya Komoro akafanya maskani Lamu. Mwishoni mwa karne ya 19 alianza kufundisha upande wa Langoni, ambako ndiko walikokuwa wakiishi wengi wa wanyonge na wageni wa mji ule. Akawasomesha watumwa na waliokuwa watumwa elimu ile ile waliyokuwa wakiisoma watoto wa wakubwa. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa na jambo hilo, lakini yeye aliendelea na darasa zake. Msikiti wa Riyadha ukasimama, na alipofariki mwaka 1935 aliacha chuo kinachoendewa na wanafunzi kutoka sehemu nyingi za pwani. Lamu ni mji mdogo. Funzo lake ni kwamba mtu mmoja tu mwenye kushika mlango, akiacha kuuliza "wewe ni mtoto wa nani?", aweza kuubadilisha mji mzima.

KANUNI ILIYO WAZI, LAKINI YA DHULMA

Ilipokuja serikali ya kikoloni huku Kenya, kanuni ya kuingia shule haikufichwa hata kidogo. Kulikuwa na shule za Wazungu, na za Wahindi, na za Waarabu, na za Waafrika, na fungu la fedha la kila kundi lilifuata daraja hiyo hiyo. Mombasa ilifunguliwa Shule ya Waarabu mwaka 1912. Mtoto akifika mlangoni, suala la mwanzo halikuwa umri wake wala hamu yake ya kusoma. Lilikuwa kabila lake. Jina la kabila likawa na thamani kama sarafu, kwani lilihusu kodi, na kupiga kura, na shule. Watu wa mji mmoja, waliosali safu moja na kuoana na kuzikana, wakaanza kuvutana nani aitwe Mwarabu na nani asiitwe. Uwazi ulikuwapo kamili, lakini uadilifu haukuwapo. Hapa twapata funzo kwamba kuibandika dhulma ukutani hakuifanyi kuwa haki.

Wakati huo huo, wazazi wengi wa Kiislamu waliziogopa shule. Nyingi zilikuwa za wamishionari, na katika zile za serikali wengi hawakuiona Qur'ani ikipewa nafasi waliyoitaka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa uchungu akiwahimiza Waislamu waishike dini yao na waitafute elimu ya zama zao, wala wasiwaache watoto wa kike nyuma. Kwani kuna mlango ambao wengine hutufungia, na kuna mlango ambao twajifungia kwa mikono yetu.

KANUNI NJEMA, LAKINI ILIYOFICHIKA

Kenya ilipata uhuru wake mwaka 1963. Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, ilitangazwa elimu bila ya malipo. Milango ya rangi na kabila ikaondolewa, na watu wakadhani kwamba suala la nani atangulie limekwisha. Halikwisha, lilihama tu. Lilitoka katika sheria likaingia chumbani kwa mwenye kuandikisha.

Kwa miaka mingi huku Kenya, mtoto aliyetaka kuingia darasa la kwanza aliweza kuitwa kwanza ahojiwe. Huulizwa herufi, huulizwa hesabu, na pengine huulizwa kwa Kiingereza. Kwa nje jambo hili lilionekana ni la haki, maana kila mtoto aliulizwa yale yale. Lakini aliyepita nasari alijibu, na nasari ilikuwa ya kulipia. Ama mtoto aliyetoka chuoni, ambaye ajua kutoka alifu mpaka ya, na amehifadhi sura fupi kwa moyo, alisimama pale akaonekana hajui kitu. Mlango wa darasa la kwanza, kwa hakika, ulikuwa umekwisha kufungwa miaka miwili nyuma, na mzazi wake hakuambiwa.

Viongozi wa Kiislamu wa pwani waliuona msiba huu. Katika miaka ya 1980 waliomba msaada kwa Aga Khan, na mwaka 1986 ukaanza Mombasa mpango wa chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wake wa mwanzo. Humo mtoto hujifunza Qur'ani na adabu za dini yake, na papo hapo hujifunza herufi, kuhesabu na kucheza, kwa vifaa vinavyotengenezwa kwa vitu vya hapa hapa kwetu. Wanaofundisha wengi ni wanawake wa mtaa wenyewe, na shule huendeshwa na kamati ya watu wa mtaa. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Sheria nazo zilifuata. Mwaka 2003 elimu ya msingi katika shule za serikali za Kenya ilifanywa bila ya ada, lakini chekechea ikaachwa nje, wazazi wakaendelea kulipa. Katiba ya mwaka 2010 ikatia elimu ya chekechea katika kazi za serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 35, imempa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza kumbagua mtoto katika kuandikishwa kwa sababu ya kabila, dini, jinsia au ulemavu, na ikaizuia shule ya umma kumchuja mtoto kwa mtihani. Zanzibar nayo, kwa sera yake ya elimu ya mwaka 2006, iliitia chekechea katika elimu ya lazima.

Kwa hivyo kanuni tunazo, na ni njema. Lakini kanuni njema iliyofungiwa katika kabati humfaa nini mama aliyesimama jua la saa nne, akaambiwa tu kwamba nafasi zimekwisha? Zimekwisha lini? Zilikuwa ngapi? Wamepewa kina nani? Hajui, na akiuliza sana huambiwa ana fujo.

UDUGU NA AMANA

Ugonjwa wa mji mdogo ni kwamba sote ni ndugu. Mwenye kushika daftari ni mjomba wa huyu, na alisoma chuo kimoja na yule, na ameoa kwa fulani. Hupigiwa simu usiku, akaambiwa, "Usinisahaulie kijana wangu." Naye haoni kwamba ametenda dhambi. Husema amemsaidia ndugu yake, na kuunga udugu ni ibada. Watu wengine nao husema "mwenye nguvu mpishe", wakanyamaza.

Ndugu zangu, udugu huungwa kwa mali yako, wala hauungwi kwa haki ya mtoto wa mwengine. Qur'ani katika Sura ya 4, aya ya 135, imetuamrisha kusimamisha uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Mwaka wa kufunguliwa Makka, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum aliiba. Jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid (r.a.), aliyependwa sana na Mtume, aende akamwombee. Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akawaeleza watu kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge, na kwamba lau angaliiba Fatima binti yake, naye hukumu ingalimpata. Je, maombezi yetu ya simu za usiku yana daraja kubwa kuliko ya Usama?

Ama zawadi, wengine huipamba kwa jina la shukrani. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn Lutbiya, kukusanya zaka. Aliporudi alisema, hizi ni zenu na hizi nimetunukiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingalikaa nyumbani kwa babake au mamake, aone kama atatunukiwa kitu. Hiyo ndiyo mizani. Samaki, kitambaa, au fedha iliyotiwa katika bahasha mwezi wa Januari ipimwe kwa suala hilo: lau mtu huyu hakuwa na daftari, ingalimfikia?

Na kuna kisa cha tatu, ambacho katika jambo letu hili nakiona ndicho kikubwa. Bashir bin Saad (r.a.) alimpa zawadi mwanawe Nuumani. Mama wa mtoto, Amra binti Rawaha (r.a.), akasema hataridhika mpaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Bashir akaenda. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Akajibu kwamba hakuwapa. Mtume akamwamrisha amche Mwenyezi Mungu na awe muadilifu baina ya watoto wake, akakataa kuishuhudia zawadi ile. Bashir akairudisha. Mtoto aliyependelewa alikuwa ni wa Amra mwenyewe. Lakini kwa kuwa alitaka jambo liwe na shahidi, upendeleo ule ulidhihirika na ukaondoka. Lau lingalipita kimya kimya baina ya baba na mwana, lingalibaki kama lilivyo. Shahidi huihifadhi haki ya mwenyewe, na huifichua dhulma iliyojificha ndani ya mapenzi.

YATUPASAYO KUTENDA

Basi yatupasa kuwa na mashahidi mlangoni mwa chekechea zetu. Wala si jambo la gharama. Kabla ya mwezi wa kuandikisha, idadi ya nafasi itangazwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na kwenye soko, na penye maji, ili mama asiye na simu ajue sawa na mwenye nayo. Sharti zitajwe mapema: umri, makazi, na karatasi zinazotakiwa. Asiye na cheti cha kuzaliwa aelekezwe pa kukipata, wala asifukuzwe, kwani kosa la karatasi si la mtoto. Kila anayefika aandikwe jina na siku aliyofika, na kila senti inayopokelewa itolewe risiti. Nafasi zikipungua, watangulizwe wale ambao sharti limewatanguliza, kama yatima au mtoto mwenye ulemavu, na sharti hilo liwe limetangazwa mwanzo, lisizuliwe baadaye. Waliobaki sawa ipigwe kura mchana, mbele ya wazazi. Mjumbe wa kamati ambaye mtoto wa jamaa yake anazungumziwa na atoke nje. Kisha majina ya waliopata, na ya wanaongojea kwa zamu zao, yabandikwe ukutani mahali pa kusomeka.

Mwalimu mkuu muadilifu hatadhurika na jambo hili, litamhifadhi. Ndugu akimpigia simu usiku atakuwa na jibu lisilovunja udugu: "Jina lako liko ukutani, nenda ukalisome." Na sisi wazazi tuna fungu letu. Tusiombe tusichostahiki kisha tukalalamika wengine wakipewa wasichostahiki. Mtoto wa miaka minne hajui kanuni wala katiba, lakini ajua vizuri alivyoingia. Akiingizwa kwa mlango wa nyuma, somo la kwanza alilolipata ni kwamba haki hununuliwa, na somo hilo hulihifadhi kabla ya herufi ya kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape walioshika milango yetu moyo wa kumcha Yeye, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaowageuzia uso wanyonge. Amin.